Hakuna Msichana wa Bluu

“Funga ukurasa wako kabla ya Jumamosi. La sivyo hicho kikao cha wazazi usikitegemee.”

Dalali aliyasema hayo akiwa amesimama katikati ya duka la ushonaji, koti begani, kiatu kimoja juu ya vipande vya kitambaa vilivyotapakaa sakafuni. Fundi hakuinua kichwa mara moja. Alimalizia mshono wa kwapa aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, ndipo akamtazama.

“Rudia. Nilikuwa nashona, huenda cherehani imenidanganya.”

“Umenisikia.”

“Nimesikia mtu anaongea kama mwenye nyumba. Kwani wewe si dalali tu?”

Siku nyingine utani huo ungemchekesha Dalali. Kazi yake ilikuwa kutafutia watu nyumba, na mwenyewe alipenda kusema kwamba anauza asivyovimiliki mpaka vyenyewe vinaamini ni vyake. Siku hiyo hakucheka.

“Utani weka pembeni. Shangazi yangu amesikia sauti yako kwenye simu ya jirani yake. Mtu mzima, fundi anayeheshimika, anachambua vibinti vya katuni vinavyorukaruka jukwaani! Ameniuliza, ‘Huyu ndiye unayetaka kutuletea?’ Nimekosa pa kuficha uso.”

“Ungeuficha nyuma ya hiyo tai. Ni pana ya kutosha.”

“Nasema kweli!”

“Na mimi nasema kweli. Si vibinti, ni makundi ya muziki. Na si katuni za kumnyamazishia mtoto, ni hadithi za watu wanaohangaika kama wewe na mimi, ila wao wanahangaika huku wanacheza.”

“Unaona? Unaona unavyowatetea? Ungenitetea mimi hivyo!”

“Kwani nani amekushtaki?”

Dalali akavuta pumzi, akashusha sauti. Hapo ndipo alipokuwa hatari, akishusha sauti.

“Mpenzi, mimi sikukatazi kutazama. Tazama mpaka macho yavimbe. Ila ukurasa ufute, sauti zote zifute, pasibaki kitu. Nakuomba kwa ajili ya heshima yetu. Kitu kidogo kama hicho kisituvunjie nyumba kabla hatujaijenga.”

Akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Fundi akabaki na nguo ya mteja mapajani.

Tuseme ukweli, alimpenda. Alimpenda tangu siku bomba la duka la jirani lilipopasuka, maji yakajaa mpaka kwenye pedeli. Kila mtu alisimama barazani akitoa pole, na mwanamume huyo aliyekuja tu kufupishiwa suruali akaingia majini na viatu vyake vya ngozi, akatoka na cherehani kichwani. Mwanamke gani angesahau hilo? Fundi alikuwa amepita thelathini, wadogo zake wote wameshaolewa, na kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu aliyekuja kukaa kwenye kiti cha wateja bila nguo ya kushonwa.

Na huo ukurasa? Wasiojua wajue. Kuna anime, yaani katuni za Kijapani, na ndani yake kuna ukoo mzima wa hadithi za makundi ya pop: wasichana au wavulana wanaofunzwa kuimba na kucheza pamoja. Kila mmoja hupewa rangi yake, na mashabiki hupunga vijiti vya taa vya rangi ya wampendaye. Mmoja husimama katikati, wengine pembeni. Na wengi hukatazwa kuwa na mpenzi, eti mashabiki wasivunjike moyo. Humo ndani kuna wivu, kuna urafiki, kuna machozi ya kutosha kufulia mashuka. Fundi alizitazama kwenye runinga ya dukani akikunja pindo, maana pindo halitaki macho, linataka vidole tu. Halafu alirekodi sauti yake akiwapendekezea watu cha kutazama. Hakupendekeza kwa kufuata ubora. Alipendekeza kama mtu wa duka la dawa, kwa kuuliza kwanza unaumwa nini.

“Umepoteza kazi? Tazama ile ya wasichana wanne walioanza kuimba baada ya kiwanda chao cha vifungo kufungwa. Sehemu ya kwanza inachechemea, ivumilie.”

“Umenuniana na dada yako? Ile ya mapacha walio kwenye makundi mawili yanayoshindana. Mkitazama pamoja, msikae karibu na vitu vya kuvunjika.”

“Huna hamu ya chochote, unataka kucheka tu? Ile ya wavulana watano ambao meneja wao kiziwi alidhani amesajili timu ya mpira.”

Watu walimfuata kwa wingi, na wote walimjua kwa jina moja tu, Fundi. Lakini kabla ya watu hao wote, kila sauti aliyorekodi aliituma kwanza kwa Dalali. Hiyo ilikuwa kawaida yake ya mapenzi. Dalali alijibu vilevile siku zote: “Nitasikiliza baadaye mpenzi, niko na mteja.” Hiyo baadaye haikufika. Fundi alishazoea, akasema moyoni kwamba kila mtu ana kipaji chake, na cha huyu ni kubeba cherehani.

Jioni alimweleza Mama. Mama alikuwa anapiga pasi, na hakuiacha pasi kwa ajili ya habari hizo.

“Funga, mwanangu. Ndoa si kitu cha kubishania na runinga.”

“Mama, si runinga. Ni sauti yangu.”

“Sauti utabaki nayo. Kwani anakukata ulimi?”

“Anataka nizifute zote. Kazi ya miaka yangu yote hiyo.”

“Kazi yako ni ushonaji. Hiyo nyingine ni mdomo.” Mama akageuza kola. “Sisemi kwa ubaya. Mimi nilikuwa naimba, wewe hujui. Nilikuwa nimeshaitwa kwenye bendi. Baba yako akasema chagua. Nikaacha. Kwani nimekufa?”

“Hukufa, Mama. Ila mimi ni mwanao wa kwanza na sijawahi kukusikia ukiimba hata ukiosha vyombo.”

Pasi ikasimama juu ya shati. Mama akaikumbuka ilipoanza kunuka, akaiinua haraka, akasema kwa sauti kavu:

“Unaniunguzia nguo. Fanya utakalo, lakini Jumamosi nitaandaa viti, na sitaki kuvikunja bila mtu kuvikalia.”

Fundi akalala na neno hilo, akaamka nalo. Asubuhi alipiga moyo konde, akaandika kwenye ukurasa:

“Wapenzi wangu, Jumamosi ukurasa huu unafungwa na sauti zote zinafutwa. Sababu ni za kifamilia. Asanteni kwa masikio yenu.”

Alipobonyeza kutuma, alihisi kama mtu aliyejikata kwa mkasi wake mwenyewe. Majibu yakaanza kumiminika. “Fundi usituache.” “Nani nitamwambia ninaumwa nini?” “Familia gani hiyo haina huruma?” Alikuwa anayasoma huku machozi yanamdondokea kwenye hariri ya mteja, kitu ambacho fundi mwenye akili hafanyi, ndipo ujumbe mmoja wa faragha ukaingia. Huo haukuwa na pole.

“Afadhali ufunge. Mwizi wa maneno wewe.”

Machozi yakakatika. Fundi akafuta kioo cha simu kwa kiganja, akajibu:

“Samahani, nani mwenzangu?”

“Mimi ni nesi, na ni mpenzi wa hizi anime tangu kabla hujaanza kujifanya mtaalamu. Mchumba wangu ndiye mwenye hayo maneno. Nilijiunga kwako wiki hii tu, nikasikia maneno yake yaleyale. Nimemuuliza, amesema kuna watu wa mtandaoni wanamwibia.”

“Dada, maneno yangu nayatoa kichwani mwangu nikikunja pindo.”

“Usinitanie. Lile pendekezo la kundi la wasichana sita, yeye aliniambia asubuhi. Wewe umeliweka jioni. Nani ametangulia?”

Fundi akasoma mara mbili. Aliyemwambia asubuhi aliwezaje? Asubuhi lilikuwa halijatoka. Nesi hakumwachia nafasi ya kufikiri, ujumbe mwingine ukaingia:

“Na ulivyo mjanja, umebadilisha rangi ili usijulikane. Yeye alisema mtazame yule wa BLUU. Wewe ukasema wa kijani. Ila mengine yote ni neno kwa neno. Huna hata haya.”

Fundi akakaa chini, juu ya marobota ya kitambaa.

Nieleze hapo. Runinga ya dukani ilikuwa imeanza kuugua rangi, kijani chake kinateleza kuwa bluu. Fundi alizitazama sehemu zote za kundi hilo la wasichana sita akiamini yule mnyonge wa pembeni amepewa bluu. Akarekodi hivyo, akamtumia Dalali asubuhi kama kawaida. Mchana alipotafuta picha ya kuweka ukurasani, akaona kwenye simu kwamba msichana huyo ni wa kijani kibichi kabisa, na katika kundi zima hakuna wa bluu. Aliona aibu, fundi wa nguo kukosea rangi! Wapenzi wa hadithi hizi wanaweza kukusamehe ukisahau jina la mtu, lakini rangi ya mtu hawakusamehi. Akarekodi upya kimyakimya, ndiyo iliyowekwa jioni.

Bluu ilikwenda kwa mtu mmoja tu duniani.

Akabonyeza kupiga. Simu ikapokelewa kwa ukali.

“Umekuja kuomba msamaha?”

“Nimekuja kuuliza. Mchumba wako anafanya kazi gani?”

“Inakuhusu nini?”

“Ni dalali wa nyumba?”

Upande wa pili mtu aliita “Nesi, kitanda cha dirishani!” na Nesi akajibu “Nakuja!” kwa sauti iliyokwisha nguvu.

“Umemjuaje?”

“Hakuna msichana wa bluu, dada. Mimi ndiye niliyekosea, kwa sababu ya runinga mbovu. Hiyo sauti yenye kosa nilimtumia mtu mmoja peke yake, mwanamume anayenioa.”

“Muongo.”

“Natamani.”

“Muongo wewe! Huyu mtu amenipa moyo. Nilipofiwa alinipendekezea ile ya mwimbaji aliyepoteza sauti. Akaniambia…”

“‘Usitazame jinsi alivyonyamaza, tazama wenzake walivyojifunza kuimba wakimwachia nafasi yake.’”

Simu ikakatwa. Akadhani ndiyo basi. Lakini haukupita muda, Nesi akamtumia ujumbe wa sauti aliotumiwa na mchumba wake, na chini yake maneno mawili: “Sikiliza mwenyewe.”

Fundi akabonyeza. Sauti ikajaa duka zima, sauti ya Dalali, ile ya kushusha.

“Mpenzi wangu, usimtazame wa katikati, huyo kila mtu anamtazama. Mtazame yule wa bluu, wa pembeni, anayejishonea sketi yake mwenyewe. Siku atakayoondoka kundini ndipo utajua nani alikuwa ameushikilia wimbo.”

Alisema polepole, kwa upole, kama mtu anayeamini kila neno. Fundi alikuwa hajawahi kusemeshwa hivyo na mwanamume huyo. Maneno yalikuwa yake, yaliyotoka kifuani mwake, na alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza yakipewa mapenzi, yakipewa mwanamke mwingine. Hapo alilia kilio chenyewe, si kile cha kudondoka kwenye hariri. Alilia akipiga robota la kitambaa ngumi.

Alipomaliza akanawa uso, akampigia Nesi tena.

“Umesikia?” Nesi aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kulia.

“Nimesikia. Jumamosi alasiri anakuja nyumbani kwetu na shangazi yake kupanga ndoa.”

“Jumamosi ameniambia yuko na mteja wa kiwanja.”

“Kiwanja chenyewe ni mimi.”

Nesi akacheka bila kutaka, cheko la uchungu.

“Unataka nifanye nini? Mimi si mtu wa kugombana kwenye nyumba za watu.”

“Wala mimi sitaki ugomvi. Nataka tu asipate mlango wa nyuma. Ukipenda, njoo. Usipopenda, sitakulaumu.”

Kwa Mama hakusema kitu. Alijikaza kisabuni, akamalizia nguo za wateja, na Dalali alipomwandikia, “Nimeona tangazo lako mpenzi, umenipa heshima kubwa. Usisahau kufuta na zile za zamani,” alimjibu: “Tutaongea Jumamosi.”

Jumamosi ikafika. Sebule ya Mama ilikuwa imefagiliwa mpaka pembe ambazo hazina mgeni. Shangazi wa Dalali aliingia mbele, mama mnene mcheshi mwenye miwani iliyofungwa uzi, akasalimia kila mtu na kila kiti. Dalali akafuata nyuma na tai mpya, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Wakakaa. Maji yakaletwa. Habari za afya zikaulizwa zikajibiwa. Kisha Shangazi akageukia lililowaleta.

“Basi mama mwenzangu, sisi tumekuja kwa heri. Kijana wetu amechagua, na kwa kweli amechagua vizuri. Tupange siku, tujue na idadi ya watu.”

“Shangazi,” Fundi akasema, “kabla ya siku, naomba nikuombe radhi.”

“Radhi ya nini tena, mwanangu?”

“Nimeambiwa ukurasa wangu umekukera. Ulisikia sauti yangu kwenye simu ya jirani yako, ukaona aibu. Naomba uniambie ni pendekezo gani lililokuudhi.”

Shangazi akamtazama Fundi, akamtazama Dalali, akarudi kwa Fundi.

“Ukurasa gani?”

Dalali akakohoa. “Shangazi amesahau. Haya mambo si ya kikao, tuendelee na…”

“Nani amesahau? Mimi kichwa changu kizima!” Shangazi akachomoa simu yake mkobani, kisimu cha vibonye kilichofutika namba. “Jirani yangu mwenyewe hasikii vizuri, tunaongea kwa mikono. Mimi nilichouliza kuhusu huyu binti ni kama atanishonea gauni la harusi. Basi.”

Mama akaweka bilauri mezani taratibu.

“Kijana,” akamwambia Dalali, “binti yangu amelia wiki nzima kwa neno la shangazi yako. Sasa tunasikia halikuwa lake. Lilikuwa la nani?”

“Mama, mimi… nilitaka kumlinda. Watu wanasema mitaani.”

“Watu gani?”

Hodi ikapigwa. Fundi akainuka, akafungua. Nesi alikuwa amesimama kizingitini na sare yake ya kazi, nywele zimebanwa, macho mekundu lakini makavu. Dalali alipomwona, tabasamu lilimtoka usoni kama limefutwa kwa kitambaa.

“Karibu ndani,” Fundi akasema. “Mama, Shangazi, huyu ni nesi. Na yeye ni mchumba wa Dalali.”

“Eeh!” Shangazi akashika kifua. “Wa nani?”

“Sikilizeni, ninaweza kueleza,” Dalali akasimama. “Huyu ni mteja, nilimtafutia chumba…”

Nesi hakubishana naye. Alitoa simu, akaiweka mezani kati ya bilauri, akabonyeza. Sauti ya Dalali ikatoka, tamu, ya kushusha, ikisema mpenzi wangu, ikisema yule wa bluu, ikisema nani alikuwa ameushikilia wimbo.

“Maneno hayo ni yangu,” Fundi akasema. “Nilimtumia yeye asubuhi kabla ya mtu yeyote, yakiwa na kosa la rangi. Akampelekea huyu dada kama yake, na kosa langu ndani. Huyu dada alipojiunga kwenye ukurasa akaanza kuuliza, ndipo ghafla Shangazi akaona aibu. Ndipo ghafla nikatakiwa kufuta kila kitu. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alitaka mimi nimrefushie.”

“Ni maneno tu!” Dalali akapaza sauti. “Jamani, sijaiba nyumba! Ni maneno ya katuni!”

“Kama ni maneno tu, kwa nini hukutumia yako?”

Dalali akakaa, akalegeza tai, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi amjue, akaongea bila kushusha wala kupandisha.

“Nilikuwa nazisikiliza zote. Kwenye gari, kabla sijaingia ofisini. Ile ya kiwanda cha vifungo niliitazama mpaka mwisho, nikalia, nikachelewa kazini. Ningemwambia nani? Wenzangu wangenicheka mpaka nihame mji. Yeye nilipomkuta,” akamwonyesha Nesi kwa kidevu, “alikuwa anazitazama kabla sijamjua. Kwake haikuwa aibu. Nikajikuta nasema ulivyosema wewe. Akanitazama kama mtu wa maana. Nikaendelea.”

Fundi akatamani asingesikia hayo. Afadhali angesema hakusikiliza kamwe. Afadhali angekuwa mpumbavu.

“Miaka yote hiyo nakutumia,” akasema, “nasubiri neno moja tu. Hata ‘sijapenda’ ningelifurahia. Wewe ulikuwa unasikia, unalia, halafu unaniandikia uko na mteja. Ulinionea aibu mimi, ukajivunia maneno yangu.”

“Nilikupenda.”

“Uligawa. Maneno ukampa yeye, mimi ukanibakizia amri.”

Nesi akachukua simu yake mezani.

“Mimi sidai kitu,” akasema. “Nilitaka tu nimwone akiwa hana maneno ya mtu mdomoni. Nimemwona.” Akamgeukia Fundi. “Nilikuita mwizi. Nisamehe.”

“Yamekwisha, dada.”

Nesi akaaga wakubwa kwa heshima, akatoka bila kumtupia Dalali hata jicho.

Shangazi alikuwa anapepea uso kwa mkono. Aliona aibu kweli sasa, maskini, lakini alikuwa mtu mzima wa ukoo na kazi yake ilikuwa kuokoa kinachookoleka.

“Mama mwenzangu, kijana amekosa, hilo sibishi, na nyumbani atanisikia. Lakini ndoa zote zina mwanzo wake. Tusivunje kwa kosa la kwanza. Binti yetu naye, umri…”

“Umri wake ninaujua, nilikuwepo alipozaliwa,” Mama akakatiza. Fundi akageuka kumtazama. Wiki nzima alikuwa ameogopa neno la Mama kuliko la mtu mwingine yeyote. “Mimi ndiye niliyemwambia afunge mdomo ili aolewe. Nilimwambia haya hapa hapa, na pasi mkononi. Nilikosea. Kama ndoa inamtaka akiwa bubu, basi na ikaoe ukuta.”

“Mama…” Dalali akaanza.

“Mimi si mama yako. Nilikaribia, nikaponea.”

Dalali akapiga goti mbele ya Fundi. Hakuna aliyemwomba, na zulia lilikuwa jembamba.

“Nimekosa. Nisikilize mara moja tu. Naachana na mambo yote. Na ukurasa wako endelea nao, sifungi tena. Mbele ya Shangazi na mama yako, nakuruhusu.”

Fundi alikuwa karibu kulia, na pengine angelia, lakini neno hilo la mwisho lilimkausha. Akacheka. Lilikuwa cheko la kweli, lilitoka tumboni.

“Unaniruhusu!”

“Ndiyo, mpenzi. Moja kwa moja.”

“Ngoja nikuonyeshe ninavyoruhusiwa.”

Akachukua simu yake, akabonyeza kurekodi, akaisogeza mdomoni palepale, mbele ya goti lile na miwani ya Shangazi.

“Jamani, ni mimi Fundi. Nilisema leo nafunga. Sifungi. Nilitangaza kwa woga, nawaomba radhi niliowaliza. Hakuna sauti itakayofutwa, hata zenye makosa. Pendekezo jipya litakuja nikishamaliza kulia, maana nitalia, sitawadanganya, nilimpenda mtu. Lakini litakuja, na nitaendelea mpaka nichoke mimi, si mpaka achoke mwingine. Anayeona aibu kunisikiliza azibe masikio yake, asije kuziba mdomo wangu.”

Akatuma.

Shangazi akainuka, akakusanya mkoba na kisimu chake. Mlangoni akasimama, akamshika Fundi bega.

“Gauni nitakuja kushonesha hata kama si la harusi,” akasema chinichini. “Usininyime.”

“Karibu wakati wowote, Shangazi.”

Dalali akabaki nyuma, akifuta magoti. Alivaa koti lake taratibu, kifungo kimoja kimoja, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita. Fundi alimshikia mlango. Kwa ukaribu huo alinukia bado kama mtu aliyempenda, na iliuma, na hakuuachia mlango.

“Ofisi nzima inajua naoa,” Dalali akasema, macho chini. “Ndugu wote wanajua. Niambie basi, mimi nitawaambia nini watu?”

“Hilo siwezi kukusaidia,” Fundi akasema. “Safari hii tunga mwenyewe.”